Pumu ya mtoto inazidi masika na haitulii mpaka Julai (Tanga). Mashine ya kukausha hewa itasaidia?

MamaZuu_Tanga

Salaam wadau. Naomba majibu ya wanaolijua jambo hili. Ushauri wa asali na kitunguu saumu ninao wa kutosha.

Mtoto ana miaka 9, pumu imethibitishwa hospitali. Anatumia pampu ya kahawia (beclometasone mikrogramu 50, mipulizo 2 asubuhi na 2 jioni) na ya bluu (salbutamol) akibanwa. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, huwa nafuu. Ikifika Aprili anakohoa usiku, kifua kinapiga filimbi kuanzia saa tisa, na mvua zikikatika Juni bado hatulii mpaka Julai inapokwisha.

Nyumba ni ya tofali za saruji na bati. Chumba chake ni mita 3 kwa 3.5, kimo 2.8, madirisha ya luva yenye nyavu. Ukuta unaopigwa na kusi una madoa meusi chini ya dirisha na mengine usawa wa sakafu. Godoro la sponji, mto wa sufi.

Nauziwa mashine ya kukausha hewa iliyotumika, imeandikwa lita 12 kwa siku. Je, shida ni unyevu wenyewe au kitu kinachokuja na unyevu? Mashine ninunue? Na dawa zenyewe zinaharibiwa na unyevu?

Tabibu_Kifua

Mama Zuu, hilo la Juni na Julai ndilo linaloelekeza kidole kwa mhusika. Ingekuwa ni unyevu peke yake, mtoto angepata nafuu mvua zikikata.

Wa kwanza kushukiwa ni utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaokaa kwenye magodoro, mito na mazulia wakila magamba ya ngozi yetu. Hawanywi maji, wanafyonza mvuke wa hewani. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 50 kwa wiki kadhaa wanakauka na kufa; ukiwa kati ya 70 na 80 pamoja na joto la pwani, wanazaliana kweli kweli. Kinachomsumbua mtoto hasa ni kinyesi chao, na hicho hakiondoki mvua zinapokatika. Idadi inapanda masika yote, na uchafu walioacha unabaki kitandani hata wao wakipungua. Ongeza mafua yanayozunguka shuleni kipupwe kikianza, unapata Julai yako. Kaskazi nayo ina jasho jingi, lakini jua la mchana hukausha nyumba na matandiko.

Wa pili ni ukungu, yaani hayo madoa. Mbegu zake huruka hewani na kuvutwa ndani ya kifua. Ukungu hauhitaji maji yatiririke. Ukuta ukishinda na unyevu wa asilimia 80 na zaidi kwenye ngozi yake, unaota.

Wa tatu ni moshi, na watu humsahau. Mvua ikinyesha jiko la mkaa linaingia ndani, nguo zinaanikwa sebuleni, chetezo kinawashwa kuondoa harufu ya uvundo, na dawa ya mbu ya kuchoma inawaka usiku kucha. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2003 vilionyesha koili moja ya mbu ikitoa chembe laini za moshi sawa na za sigara 75 hadi 137. Kwa mtoto wa pumu, koili na udi vitoke nyumbani kabla hujafikiria kununua mashine yoyote.

Hewa yenyewe pia ina lake. Hewa ya moto iliyojaa mvuke huamsha neva za njia za hewa, na mirija inaweza kubana ndani ya dakika chache. Ndiyo maana msimfukize kwa nyungu akibanwa. Mvuke ule hautanui mirija, unaweza kuibana zaidi, na watoto huungua kwa maji ya moto.

Kuhusu dawa, mwone daktari wake mwezi Februari mwishoni, si Aprili amekwisha kubanwa. Mwambie kila mwaka anazidiwa masika, na umwulize kama dozi ya kahawia ipandishwe kabla mvua hazijaanza. Kipimo anachotumia sasa, mikrogramu 200 kwa siku, kwa umri wake ni dozi ndogo, kwa hiyo nafasi ya kupanda ipo. Lakini daktari akiwa makini ataangalia kwanza mtoto anavyovuta. Dawa inayoishia kooni haiongezwi, inarekebishwa mkono.

Nunua pia kile kibomba cha plastiki cha kupima nguvu ya kupuliza. Apulize mara tatu asimame, uandike namba kubwa kuliko zote, asubuhi na jioni kabla ya dawa. Fanya hivyo wiki mbili akiwa mzima ili ujue namba yake bora. Masika ikija, akiwa asilimia 80 au zaidi ya namba hiyo yuko salama. Kati ya 50 na 80 fuata mpango mlioandikiwa na daktari. Chini ya 50 ni hospitali. Namba mara nyingi hushuka siku moja au mbili kabla filimbi haijasikika.

FundiBaridi

Mama, usinunue bado. Nikupigie hesabu.

Chumba chako kina mita za ujazo 29 na ushee. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hubeba karibu gramu 23 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Kuishusha hadi asilimia 50 lazima utoe gramu 7 na nusu kwa mita, kwa chumba kizima kama gramu 220. Hiyo ndogo, mashine inaitoa. Tatizo ni luva. Hata ukizifunga zinavuja. Hewa ya chumba ikibadilika mara moja tu kwa saa, ni gramu 220 kila saa, zaidi ya lita 5 kwa siku. Upepo wa kusi ukipiga luva zikiwa wazi hewa inabadilika mara tano au zaidi kwa saa, na hapo ni lita 26 kwa siku. Mashine yako ni ya 12.

Na hizo 12 zenyewe ni za kwenye boksi. Kwa kawaida hupimwa hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80. Chumba kikianza kukauka hadi 60, inatoa kama nusu tu. Halafu ile mashine haipoozi. Umeme wote inaotumia unageuka joto ndani ya chumba, na kila lita ya mvuke inayogeuzwa maji inaachia joto jingine. Chumba kilichofungwa, mashine inaunguruma, nyuzi 32 usiku: mtoto atalala kwa jasho, na jasho ni unyevu kwenye godoro.

Pesa ikipatikana, AC ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza) inatosha chumba hicho. Usikubali kuuziwa 18,000 eti itapooza haraka. Itapooza haraka kweli, kisha inazima kabla haijatoa maji, inaacha hewa ya baridi yenye unyevu, na hiyo ndiyo inayoleta harufu ya uvundo. AC ndogo inayofanya kazi muda mrefu ndiyo inayokausha. Weka 25 au 26, feni ya chini, au ile alama ya tone la maji. Luva lazima zizibwe, hata kwa nailoni nzito na utepe upande wa ndani, ukiacha moja ya kufungua mchana. Jiko la mkaa lisiingie kamwe kwenye nyumba iliyozibwa hivyo. Hewa ya mkaa inaua kimya kimya.

Chujio la AC lioshwe kwa maji kila wiki mbili, likauke kabla ya kurudishwa. Bomba la maji liangaliwe kama linatiririka nje. Likiziba, maji yanakaa kwenye trei, ukungu unaota huko na feni inaupuliza usoni mwa mtoto.

Kabla ya yote nunua kipima unyevu kidogo cha mezani na ukihakiki. Jaza kifuniko cha chupa chumvi ya jikoni, tonesha maji kidogo mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiwe uji. Weka pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, uache usiku kucha. Humo ndani lazima iwe asilimia 75. Kikisoma 81, basi kila siku utatoa 6.

BintiMaskati

Naingilia kidogo. Huku Maskati nyumba zimezibwa na AC haizimwi, tumeweka 18, na bado kuta za chumbani zina ukungu nyuma ya kabati. Kwa nini?

FundiBaridi

Kwa sababu ya hiyo 18, dada. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu asilimia 75 huanza kudondosha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini yake. Ukuta wenu uko 18 hadi 20. Mlango ukifunguliwa, hewa ya nje inaingia na kugeuka maji ukutani, na nyuma ya kabati hakuna upepo wa kukausha. Pandisha hadi 24, vuta kabati sentimita 10 kutoka ukutani. Na zulia la ukuta kwa ukuta, kama kuna mwenye pumu humo, liondoke.

MamaZuu_Tanga

Shukrani sana. AC mwaka huu haiwezekani. Nifanye nini cha bei ndogo kabla ya Machi? Na je, feni inapunguza unyevu?

Tabibu_Kifua

Feni haipunguzi unyevu hata kidogo, inampooza mtu tu. Iwashe, lakini futa mapanga yake kwa kitambaa kibichi kwanza, na isielekezwe usoni.

Anza na kitanda, maana hapo ndipo anapokaa saa tisa au kumi kwa siku pua ikiwa juu ya mto. Mto wa sufi utoke. Weka wa sponji, na uushonee mfuko wenye zipu wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, kisha foronya juu yake. Godoro nalo vivyo hivyo. Ile nailoni liliyokuja nayo inafaa kama haijachanika. Bandika utepe kwenye maungio na utandike shuka nene la pamba juu yake, la sivyo atalala kwenye jasho. Nisikudanganye: mfuko wa godoro peke yake haujaonyesha faida kubwa. Hufaa ukiwa pamoja na kufua, kuondoa zulia na kupunguza unyevu.

Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Maji ya baridi huondoa kinyesi lakini wadudu wengi hubaki hai. Kama huna mashine, changanya ndoo 2 za maji yanayotokota na 1 ya maji ya bomba, utapata karibu nyuzi 75. Shuka zikiingia yanashuka. Funika dakika 30, korogea kwa mwiko, watoto wawe mbali. Chandarua chenye dawa usikipitishe huko. Hicho hufuliwa kwa maji ya baridi na sabuni isiyo kali, hukaushwa kivulini, na kimetengenezwa kuhimili kama mafuo 20, basi usikifue kila wiki.

Godoro na mito vianikwe juani siku ya jua kali, kuanzia saa nne hadi saa nane, vigeuzwe katikati, virudi ndani kabla upepo wa jioni haujaleta unyevu. Dirisha nalo lina saa zake. Asilimia ya unyevu iko juu kabisa alfajiri na chini kabisa mchana, saa sita hadi saa tisa. Fungua chumba wakati huo. Watu hufanya kinyume, wanafungua alfajiri wapate hewa safi.

Kufagia kwa ufagio mkavu acha, piga deki. Wakati wa kazi hiyo mtoto awe nje, na arudi chumbani baada ya saa moja au mbili.

FundiMwashi_Pangani

Nimesoma juu ya ukuta. Madoa mawili hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Yale ya chini ya dirisha ni mvua. Kingo ya dirisha kwa nje haina mteremko, au haikutokeza nje ya ukuta, basi maji yanarudi ndani. Dawa yake: kingo iteremke kwenda nje, itokeze kama sentimita 5, na chini yake uchongwe mfereji mwembamba ili tone lianguke badala ya kutambaa kurudi ukutani.

Ya usawa wa sakafu ama maji yanapanda kutoka ardhini ama ni jasho la hewa. Pima hivi: bandika kipande cha nailoni sentimita 30 kwa 30, pande zote nne zizibwe kwa utepe, acha siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni hewa ya chumba. Kama yanatoka ukutani, angalia nje kwanza: udongo au zege vimepanda kuliko sakafu ya ndani? Bati linamwaga maji mguuni mwa ukuta? Weka mfereji wa bati, chimba udongo ushuke angalau sentimita 15 chini ya sakafu, upe mteremko wa kutoka nyumbani. Bila hayo, rangi yoyote utakayopaka ni kufunika tu. Rangi ya mafuta ndiyo mbaya zaidi, inafungia maji na miezi michache baadaye plasta inavimba.

Wenye nyumba za mawe ya matumbawe, kama za Pangani au Mji Mkongwe, msipige plasta ya saruji. Zilijengwa kwa chokaa ili ukuta upumue. Saruji inazuia maji yasitoke nje na yanahamia ndani.

Kusafisha ukungu: usikwangue ukiwa mkavu, utarusha mbegu nyumba nzima. Lowesha, sugua kwa maji na sabuni ya unga, futa kwa matambara utakayotupa, vaa barakoa. Jik watu wanaipenda, ila harufu yake hubana kifua cha mwenye pumu, na kwenye plasta inatoa rangi ya doa na kuacha mizizi. Ukiitumia, mtoto asiwepo siku nzima, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala amonia, inatoa gesi ya sumu. Plasta iliyokwisha kuwa unga, bandua.

MfamasiaTanga

Nijibu la dawa. Pampu ya gesi, kama hizo za mtoto, haiharibiwi na unyevu kirahisi, inaharibiwa na joto. Isizidi nyuzi 30, isiachwe kwenye gari wala dirishani. Ikikaa siku kadhaa bila kutumika, puliza hewani mara mbili kabla ya kumpa, maana mpulizo wa kwanza hautoi dozi kamili.

Za unga ndizo adui wa unyevu. Unga ukilowa unashikana na hauingii ndani ya mapafu. Kosa kubwa ni kupumulia nje ndani ya kifaa. Geuza uso, toa pumzi, ndipo uweke mdomoni. Za vidonge vya kuvuta, kidonge kitolewe kwenye karatasi yake dakika ile ile ya kutumia. Na Turbuhaler, aina mojawapo ya pampu za unga, ukiitikisa, ile sauti si dawa iliyobaki, ni kikausha unyevu. Italia hivyo hivyo hata dawa ikiisha. Tazama namba.

Mtoto wa miaka 9 atumie spesa kila mara, yaani kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Kama haipo, chupa ya plastiki ya ml 500 inafanya kazi hiyo vizuri, na jambo hili lilishapimwa kwa watoto wa Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999. Toboa kitako kwa kuchora umbo la mdomo wa pampu, uingie kwa kubana, ziba ukingo kwa gundi, na iache ikauke kabisa harufu iishe. Osha kwa maji ya sabuni ya vyombo, usisuuze wala kufuta, iache ijikaushe. Umeme wa plastiki unapungua na dawa hainati ukutani mwa chupa. Tikisa pampu, mpulizo mmoja, avute na kutoa pumzi taratibu mara 4 hadi 6 mdomo ukiwa kwenye chupa, kisha tikisa tena, mpulizo wa pili. Kupuliza miwili kwa pamoja ni kupoteza. Baada ya ya kahawia, asukutue na ateme, asipate utando mweupe kinywani.

Kamanda_Dom

Mleteni Dodoma kwa shangazi yake, huku kukavu. Mambo yaishe.

Tabibu_Kifua

Utitiri utapungua kweli, mkuu. Lakini Dodoma ina vumbi na usiku wa Juni na Julai una baridi kavu, nayo hubana mirija, hasa mtoto akikimbia asubuhi. Kuhama si tiba, na pampu ya kahawia itamfuata huko huko.

Mama Zuu, jambo moja la kuandika ukutani. Akibanwa: mkalishe wima, bluu mipulizo 4 kwa spesa, mmoja mmoja. Subiri dakika 20. Hakuna nafuu, rudia huku mkijiandaa kwenda hospitali, na njiani endelea kila dakika 20. Kama hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinabonyea ndani, midomo inageuka bluu, anasinzia, au filimbi imenyamaza ghafla ilhali anahangaika, usisubiri dakika hizo 20. Ondoka naye huku ukimpa. Na nafuu isiyodumu saa tatu au nne ni sababu ya kumpeleka siku hiyo hiyo.

MamaZuu_Tanga

Nimeelewa. Mashine naiacha. Swali la mwisho kwa mfamasia: pampu isiyo na kihesabio najuaje imeisha? Wengine wananiambia niiweke kwenye maji nione kama inaelea.

MfamasiaTanga

Usiiweke majini, maji yanaingia kwenye tundu na kuziba, na kuelea kwake hakukwambii chochote cha uhakika. Kuitikisa pia kunadanganya, gesi hubaki baada ya dawa kuisha. Hesabu. Ikiwa yako imeandikwa 200 na anatumia mipulizo 4 kwa siku, ni siku 50. Uliyoifungua tarehe 1 Machi inaisha tarehe 19 Aprili, katikati ya masika. Andika tarehe ya kwisha juu ya pampu kwa kalamu ya wino usiofutika, na ya pili iwe ndani ya nyumba wiki moja kabla.